Jinsi ya Kuchagua Kiwango cha Shughuli Unapopanga Kalori za Siku

Karibu kila kikokotoo cha kalori huuliza mambo matano: jinsia, umri, urefu, uzito na kiwango cha shughuli. Manne ya kwanza hayana ubishi, futi ya kupimia na mizani vinakupa jibu. La tano ndilo linalowapoteza watu. Unapewa orodha ya maneno, "shughuli ndogo", "shughuli za wastani", "shughuli nyingi", kisha unaachiwa uchague mwenyewe. Na mtu akiulizwa kama anajishughulisha, hukumbuka jasho la mazoezi. Saa alizokaa kitini hazimjii akilini.

Kosa hilo nimelifanya. Nilikuwa na miaka 34, kilo 72, urefu sentimita 163, nikienda jimu siku 4 kwa wiki, dakika 45 kila mara. Nikabonyeza "shughuli za wastani" bila kusita, kwa kuwa maelezo yake yalisema "mazoezi siku 3 hadi 5 kwa wiki". Nikaandika kila nilichokula kwa wiki nne, nikabaki ndani ya kiwango nilichopewa, na uzito ukapungua zaidi kidogo tu ya nusu ya nilichotarajia. Nikaanza kulaumu homoni, nikalaumu umri. Kumbe nilikuwa nimechagua mstari usio wangu kwenye ile orodha.

Nitatumia tarakimu zangu mwenyewe humu ili uone hesabu inavyokwenda, nawe uweke zako. Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Tafuta kalori zako za msingi

Hizi ni kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umelala macho tu, hujala, hujainuka: moyo kupiga, mapafu kupumua, ubongo na ini kufanya kazi, joto la mwili kudumu. Kwa watu wengi ndizo sehemu kubwa ya matumizi ya siku, takriban asilimia 60 hadi 70. Kusaga chakula huchukua kama asilimia 10. Kinachobaki ni kujongea kwa aina zote, na hicho ndicho kiwango cha shughuli kinachojaribu kukadiria.

Kanuni inayotumika zaidi leo ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990 baada ya kuwapima watu wazima 498. Iliichukua nafasi ya ile ya Harris na Benedict ya mwaka 1919, ambayo vikokotoo vingine bado vinaitumia. Hesabu yake ni hii:

Uzito kwa kilo × 10, jumlisha urefu kwa sentimita × 6.25, toa umri × 5. Mwanamume ajumlishe 5, mwanamke atoe 161.

Kwangu ilikuwa: 720 + 1,018.75 − 170 − 161 = karibu kalori 1,408.

Kalori zinazotajwa hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, yaani kilokalori. Kama pakiti imeandikwa kilojuli, gawanya kwa 4.184.

Hatua ya 2: Elewa maneno yale yanaficha namba gani

Nyuma ya kila jina kwenye ile orodha kuna kizidishi. Kikokotoo huchukua kalori zako za msingi na kuzizidisha nacho. Vinavyotumika mara nyingi ni hivi, pamoja na matokeo yake kwa mwili wangu wa wakati ule:

- Kukaa muda mwingi, 1.2: kalori 1,690
- Shughuli ndogo, 1.375: kalori 1,936
- Shughuli za wastani, 1.55: kalori 2,182
- Shughuli nyingi, 1.725: kalori 2,429
- Shughuli nzito sana, 1.9: kalori 2,675

Tazama nafasi kati ya mstari mmoja na unaofuata. Ni kama kalori 246. Mtu anayetaka kupungua taratibu hupunguza kalori 300 hadi 500 kwa siku, kwa hiyo kukosea mstari mmoja tu kunameza nusu ya jitihada yake au zaidi. Ukikosea mistari miwili hupungui kabisa, na hutajua sababu.

Angalia pia kwamba kikokotoo kingine kinaweza kuwa na viwango vitatu, kingine sita, na neno "wastani" likawa na kizidishi tofauti kwa kila kimoja. Ndiyo maana nakusihi usichague kwa jina. Tafuta kizidishi, na kikikosekana, gawanya jumla uliyopewa kwa kalori zako za msingi, utakipata.

Ipo mizani nyingine ya viwango inayofaa kujulikana. Wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), Shirika la Afya Duniani na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 2001 waliweka makundi matatu: 1.40 hadi 1.69 kwa anayekaa sana au mwenye shughuli nyepesi, 1.70 hadi 1.99 kwa anayejishughulisha kiasi, na 2.00 hadi 2.40 kwa mwenye shughuli nzito. Unaona tofauti? Kwao mtu mzima mwenye afya anayejihudumia mwenyewe anaanzia 1.4. Kizidishi cha 1.2 ni cha mtu aliye kitandani au asiyeweza kuondoka kitini. Kama unaamka, unaoga, unapika na kutoka nje, 1.2 huenda ni ndogo kuliko maisha yako halisi, hata kama kazi yako ni ya kukaa. Nitalirudia hili kwenye Hatua ya 6, maana lina pande mbili.

Hatua ya 3: Andika siku yako saa kwa saa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ninapoomba usifanye haraka. Chukua siku moja ya kawaida ya kazi na siku moja ya mapumziko. Usichukue siku unayotamani kuwa nayo, wala ile moja ya mwezi uliopita uliyotembea sana. Gawa saa zote 24.

Kila shughuli ina uzito wake ukilinganisha na kalori za msingi. Hizi zinatosha kwa mtu wa kawaida:

- Kulala: 1.0
- Kukaa kwa kupumzika, simu, televisheni, kuwa abiria: 1.4
- Kazi ya kukaa mezani, kula: 1.5
- Kuendesha gari: 2.0
- Kupika: 2.1
- Kuoga na kuvaa: 2.3
- Usafi wa nyumba: 2.8
- Kutembea bila mzigo: 3.2
- Kazi ya kunyanyua, kubeba, kuchimba, pamoja na vipumziko vyake: 3.5 au zaidi

Zidisha saa kwa uzito wake, jumlisha zote, gawanya kwa 24. Karatasi yangu ilisomeka hivi:

Kulala saa 7.5 (7.5). Kazi ya mezani saa 9 (13.5). Kula saa 1 (1.5). Kuoga na kuvaa nusu saa (1.15). Kupika nusu saa (1.05). Njiani nikiwa nimekaa saa 1.5 (2.1). Simu na televisheni saa 3.5 (4.9). Kutembea nusu saa (1.6). Jumla 33.3. Gawanya kwa 24, unapata 1.39.

Nakumbuka nilivyoitazama ile karatasi. Saa 15 za kukaa, ukijumlisha kazi, njia, mlo na kochi. Nusu saa ya kutembea. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba mimi ni mtu wa kukaa, nami sikuwahi kujiona hivyo, kwa sababu jioni nilikuwa nimechoka kweli kweli. Lakini uchovu wa akili hauchomi kalori za maana. Siku ngumu kazini na siku yenye kujongea ni vitu viwili tofauti.

Kusimama nako huwadanganya wengi. Uchambuzi wa tafiti 46 uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kusimama huzidi kukaa kwa kalori 0.15 tu kwa dakika. Kwa mtu wa kilo 65, saa 6 za kusimama badala ya kukaa ni kalori 54. Kwa hiyo anayesimama nyuma ya kaunta siku nzima bila kusogea asijihesabu sawa na muuguzi wa wodini anayetembea kutoka kitanda hadi kitanda, akigeuza wagonjwa na kusukuma vitanda. Wote wawili husema "nasimama siku nzima". Miguu ya wa pili inasafiri.

Kama una hesabu ya hatua za simu, itumie kujikagua. Watafiti Tudor-Locke na Bassett walipendekeza mwaka 2004 mgawanyo unaotumika hadi leo: chini ya hatua 5,000 kwa siku ni maisha ya kukaa, 5,000 hadi 7,499 ni shughuli ndogo, 7,500 hadi 9,999 ni kiasi, 10,000 na kuendelea ni mtu mwenye shughuli. Tumia wastani wa wiki mbili. Simu iliyoachwa mezani haihesabu, na hatua hazioni mzigo uliobeba, baiskeli uliyoendesha wala shimo ulilochimba, kwa hiyo kwa mfanyakazi wa mikono hesabu hii ni ndogo kuliko ukweli.

Hatua ya 4: Sasa weka mazoezi, na uyaweke kwa ukubwa wake

Wiki ina saa 168. Mazoezi yangu yalikuwa saa 3.

Tuyape uzito wa 5, ambao ni wa ukarimu kwa jimu ukikumbuka dakika za kupumzika kati ya seti na seti. Saa hizo 3 zilichukua nafasi ya kukaa kwa uzito wa 1.4, kwa hiyo nilichoongeza ni 3.6 kwa kila saa, jumla 10.8 kwa wiki. Gawanya kwa 168: 0.064. Kizidishi changu kilitoka 1.39 kikafika 1.45. Mazoezi yote yale, yaliyonifanya nijiite mtu wa wastani, yalikuwa na thamani ya kalori 90 kwa siku.

Sisemi hivyo ili uache mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi, na faida zake kwa moyo, sukari, mifupa na usingizi hazipimwi kwa kalori. Endelea nayo. Ila kwenye kuchagua kiwango cha shughuli, yape uzito wake halali, kisha uangalie zile saa 165 zilizobaki.

Hizo saa 165 zina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. James Levine, aliyekuwa mtafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani na aliyetumia miaka mingi kuchunguza nishati ya kujongea kusiko mazoezi, ameonyesha kwamba watu wawili wenye umbo linalokaribiana wanaweza kutofautiana hadi kalori 2,000 kwa siku kwa sababu ya kazi na mienendo yao tu: nani hukaa, nani husimama na kwenda, nani hatulii mahali pamoja.

Mfano wa upande wa pili ni rafiki yangu anayepakua mizigo bohari. Miaka 29, kilo 68, sentimita 174, kalori za msingi karibu 1,628. Alipofika kwenye swali la tano alichagua "kukaa muda mwingi". Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa unyofu, "Dada, mimi sifanyi mazoezi yoyote." Kikokotoo kikampa kalori 1,953. Tulipoandika siku yake, saa 8 za kunyanyua makasha kwa uzito wa 3.5, saa moja ya kutembea kwenda na kurudi, saa 5 za kukaa, na mengineyo, kizidishi kilitoka 2.08. Alikuwa akihitaji karibu kalori 3,390. Kwa wiki tatu alikuwa amekula pungufu ya kalori zaidi ya 1,400 kila siku, akisikia kizunguzungu mchana, mikono ikimtetemeka akishika kasha, na akiamini kwamba hana nidhamu kwa sababu njaa inamshinda.

Swali la vikokotoo linamwonea mtu kama huyu. Linauliza mazoezi, halitaji kazi. Kama kazi yako ni ya mwili, soma neno "mazoezi" kama "kujongea kwa namna yoyote", na ujue kwamba hata mstari wa juu kabisa wa 1.9 unaweza kuwa mdogo kwako.

Hatua ya 5: Usihesabu mazoezi mara mbili

Kuna njia mbili, na zote ni sahihi, ila usizichanganye.

Ya kwanza: unaweka mazoezi ndani ya kiwango cha shughuli, kama nilivyofanya kufikia 1.45. Ukishafanya hivyo, ukikimbia leo huongezi kitu kwenye mlo wa leo. Tayari umehesabiwa. Inafaa kwa mtu mwenye ratiba isiyobadilika sana.

Ya pili: unachagua kiwango cha siku isiyo na mazoezi kabisa, kisha siku ya mazoezi unaongeza kalori zake. Inafaa kwa mwenye wiki zisizofanana, au anayejiandaa kwa mbio ndefu ambapo siku moja ni saa 3 za kukimbia na nyingine ni mapumziko.

Programu nyingi za simu zimejengwa kwa njia ya pili: huongeza kalori za mazoezi zenyewe mara tu zinapounganishwa na saa ya mkononi. Mtu akichagua "shughuli nyingi" mwanzoni kwa sababu ya mazoezi, halafu programu ikamrudishia kalori 400 kila jioni kwa mazoezi yale yale, amelipwa mara mbili. Fungua mipangilio ya programu yako leo uangalie kama kuna kipengele cha kuongeza huko. Kama kipo, kizime au ushushe kiwango cha shughuli.

Ukifuata njia ya pili, ongeza kalori halisi za ziada pekee. Kanuni ya haraka ni uzito wa zoezi × kilo zako × saa. Kutembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa kuna uzito wa karibu 3.5, kwa hiyo saa moja kwa kilo 72 ni kalori 252. Lakini ungekaa saa ile ungetumia karibu 100 bila kufanya lolote. Kilichoongezeka ni kama 150, na hizo ndizo za kuandika.

Kuhusu saa za mkononi, nazipenda kwa hatua na mapigo ya moyo. Kwa kalori sizitegemei. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa 7 vya kuvaa mkononi. Sita kati ya hivyo vilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Vifaa vimebadilika tangu hapo, ila mimi bado naandika nusu tu ya kinachoonyeshwa, na rekodi zangu hazijanishtaki.

Hatua ya 6: Chagua, na ukiwa katikati jua uegemee wapi

Una kizidishi chako cha saa 24. Kikokotoo kikikuruhusu kuingiza namba yako mwenyewe, iingize. Kisipokuruhusu, chagua mstari ulio karibu zaidi. Kwangu, 1.45 iliangukia kati ya 1.375 na 1.55, na ilinibidi niamue.

Anayetaka kupungua aegemee chini. Sababu haimo kwenye shughuli, imo kwenye sahani. Utafiti mmoja wa mwaka 1992 uliwafuatilia watu walioamini kwamba miili yao haipungui hata wakila kidogo. Matumizi yao ya nishati yalipopimwa, miili yao ilikuwa ya kawaida. Ila walikuwa wameripoti chakula pungufu kwa asilimia 47 na kujongea zaidi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Mafuta ya kukaangia, vipande vya kuonja jikoni, kikombe cha pili, vyote hupita bila kuandikwa. Kuegemea chini kunaacha nafasi ya hayo yaliyosahaulika.

Anayetaka kuongeza uzito au misuli, anayefanya kazi nzito, na mwanamichezo wa saa nyingi kwa wiki, waegemee juu. Kwao kukosea kwa chini kuna madhara: uchovu usioisha, majeraha yasiyopona, hedhi kukatika kwa wanawake.

Anayetaka kubaki alipo achague ulio karibu zaidi na aende Hatua ya 7.

Hata hivyo kuegemea chini si kuporomoka. Ukitoka na mpango ulio chini ya kalori 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume, usiufuate bila kusimamiwa na daktari au mtaalamu wa lishe. Na wapo ambao vikokotoo hivi havikutengenezwa kwa ajili yao: mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye kisukari anayetumia insulini, mgonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kupitia ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kupita kiasi. Hao waanze kwa mtaalamu moja kwa moja.

Hatua ya 7: Uache mwili ujibu

Kiwango ulichochagua ni makisio. Hata wanasayansi, wakitaka jibu la uhakika, humnywesha mtu maji yenye atomi za haidrojeni na oksijeni zilizotiwa alama na kuzifuatilia kwenye mkojo wake kwa siku kama 7 hadi 14. Wewe una mizani na daftari, na kwa wiki nne vinakupeleka karibu sana.

Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya kula wala kunywa. Andika. Usifurahi wala kusononeka kwa namba ya siku moja. Chumvi ya jana, mlo wa usiku au siku za kuelekea hedhi vinaweza kupandisha kilo nzima ya maji. Mwisho wa wiki tafuta wastani wa siku 7. Wiki ya kwanza ya kupunguza chakula mara nyingi huonyesha kushuka kwa haraka, na sehemu kubwa yake ni maji, kwa kuwa kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini hushikilia takriban gramu 3 za maji. Wanawake walinganishe wiki zinazofanana za mzunguko, ya kwanza na ya tano kwa mfano, kama wana subira hiyo.

Kisha fanya hesabu hii. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba karibu kalori 7,700.

Nilikuwa nimekula wastani wa kalori 1,780, yaani 2,182 toa 400. Wastani wa wiki ya kwanza ulikuwa kilo 72.1, wa wiki ya nne 71.5. Kati ya katikati ya wiki ya kwanza na katikati ya wiki ya nne kuna siku 21. Nilipoteza kilo 0.6, sawa na kalori 4,620. Gawanya kwa 21, unapata 220 kwa siku. Jumlisha na 1,780: matumizi yangu halisi yalikuwa kalori 2,000. Gawanya kwa 1,408, kizidishi changu ni 1.42.

Saa 24 za karatasi ziliniambia 1.45, mizani ikaniambia 1.42. Kikokotoo nilikipa 1.55. Kwa 1.55 ningepaswa kupoteza kilo 1.1 katika siku zile 21. Zile nusu kilo zilizopungua kwenye matarajio zilitokana na mstari niliouchagua.

Kuna uzuri mwingine kwenye hesabu hii. Tuseme kila siku nasahau kuandika kalori 100. Basi ile 2,000 si matumizi yangu kamili, kwa kweli ni 2,100. Lakini nikiendelea kuandika kwa mtindo ule ule, nikisahau yale yale, 2,000 itaendelea kunifaa kupangia, maana kosa liko pande zote mbili za hesabu. Kinachoharibu ni kubadilisha mtindo katikati: wiki hii unapima kwa mizani ya jikoni, wiki ijayo unakadiria kwa jicho.

Usirekebishe kabla ya wiki tatu. Na ukirekebisha, sogeza kalori 100 hadi 150 kwa siku, kisha ungoje tena.

Hatua ya 8: Rudia hesabu maisha yanapobadilika

Kupungua kilo 4 au 5 kunatosha kukufanya urudi Hatua ya 1, kwa sababu mwili mwepesi una kalori ndogo za msingi na hutumia kidogo kubeba uzito wake. Pia mtu anayekula pungufu kwa muda mrefu hujongea kidogo bila kujua. Kwenye jaribio la Minnesota la mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 walilishwa pungufu kwa wiki 24 chini ya mtafiti Ancel Keys, na kadiri miezi ilivyokwenda walipoteza hamu ya kujongea, wakaepuka kila juhudi isiyo ya lazima. Wewe hutafika huko kwa kupunguza kalori 400, ila tazama hatua zako za simu. Zikitoka 7,000 zikawa 5,000 huku mazoezi yako yakibaki yale yale, kiwango chako cha shughuli kimeshuka.

Mengine ya kukurudisha kwenye karatasi ya saa 24: kazi mpya, kuanza kufanyia kazi nyumbani, jeraha la mguu, mtoto mchanga ndani ya nyumba, kununua gari baada ya miaka ya kutembea, au msimu wa kazi nzito unaofuatiwa na miezi ya kusubiri. Huyu wa mwisho anahitaji viwango viwili kwa mwaka, na abadilishe siku ile kazi inapobadilika.

Rafiki yangu wa bohari sasa anatumia 2.0 kwa siku za kazi na 1.5 kwa siku zake 2 za mapumziko, akiwa ameziandika mbili kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mimi nilihama kutoka 1.45 hadi karibu 1.6, na kilichonihamisha ni saa moja na nusu ya kutembea niliyoiingiza kwenye siku, dakika 30 asubuhi na saa nzima jioni, mahali palipokuwa pa simu na kochi.